Moto Usiotaka Maji: Magnesiamu Kwenye Karakana Zetu

Dar es Salaam moto ukitokea, sauti ya kwanza kusikika ni "Maji! Leteni maji!" Watu hutoka na ndoo, madumu, mabeseni ya kufulia, na mwenye mpira wa kumwagilia bustani anauvuta hadi uishe. Hilo nalipenda kwa watu wa mji huu: nyumba ya jirani ikiwaka, hakuna anayesubiri kuuliza ni ya nani. Lakini kwenye karakana zetu za Gerezani, Buguruni na Vingunguti, ambako tunakereza, tunachomelea na kuyeyusha vyuma vyepesi, upo moto ambao ndoo ya kwanza ya maji ndiyo inayoujeruhi umati. Nataka tuuzungumze kwa kirefu, kwa sababu vyuma vyenyewe vinazidi kuingia mtaani na maarifa ya kuvizima hayajavifuata.

Kinara wao ni magnesiamu. Wengi tulikutana nayo shuleni: mwalimu wa kemia anashika utepe mwembamba kwa koleo, anausogeza kwenye moto, halafu darasa zima linageuka jeupe kwa mwanga. Utepe ule una uzito mdogo sana na huisha kwa sekunde chache, ndiyo maana wengi tunakua tukidhani magnesiamu ni kitu cha maabara tu. Sivyo. Maganda ya injini za misumeno mingi ya mnyororo, ile ya kukatia miti, ni ya aloi ya magnesiamu, yaani magnesiamu iliyochanganywa na metali nyingine kidogo. Kava za injini za baadhi ya pikipiki, maboksi ya gia ya baadhi ya magari, fremu zilizofichwa ndani ya usukani, na hata maganda ya baadhi ya kompyuta za mkononi ni magnesiamu. Vyote hivi vinatufikia kama mitumba au vyuma chakavu, na kwa macho vinafanana kabisa na alumini. Mteja anakuletea kava yenye ufa, anasema, "Fundi, nichomelee hii alumini," na wewe unaipokea kama alumini.

Kwa hiyo kazi ya kuzima moto huu inaanza kabla hujawasha mashine. Ibebe ile kava. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya magnesiamu ina 1.74 tu. Fundi mwenye mkono uliozoea ataihisi tofauti hiyo mara moja: ni theluthi nzima nyepesi zaidi. Kama bado una shaka, piga tupa sehemu ndogo isiyoonekana mpaka chuma kipya kitokee, kisha dondoshea tone la siki, siki ile ile ya kachumbari. Alumini itakaa kimya. Magnesiamu itatoa mapovu madogo madogo palepale, na ukisogeza sikio utaisikia ikichemka. Jaribio hili linagharimu tone moja la siki, na sijui kwa nini haliko ukutani kwenye kila karakana.

Bonge zima la magnesiamu haliwaki kirahisi. Joto linakimbilia ndani ya chuma, na mpaka lote likaribie kuyeyuka, yaani kama nyuzi 650, halishiki. Hatari iko kwenye chenga, yale mabaki membamba yanayodondoka chini ya mashine, na zaidi kwenye vumbi la jiwe la kusagia. Kisu butu cha mashine ndicho mchawi wa kwanza hapa. Kinasugua badala ya kukata, kinatoa chenga nyembamba kama nywele, kinaongeza joto, na cheche moja inatosha. Anayekata magnesiamu anatakiwa awe na kisu kikali, akate kwa kina cha kutosha ili chenga ziwe nene, asiache kisu kikizunguka kikigusa chuma bila kukata, na azoe chenga mara kwa mara badala ya kungoja jioni. Yale maji meupe ya kupoozea tunayoyazoea kwenye chuma cha kawaida hayafai hapa. Chenga zilizolowa zinatoa haidrojeni polepole, na ukizifungia ndani ya pipa umejitengenezea bomu.

Nimewahi kusimama karibu na moto wa aina hii kwenye karakana moja ya kukereza. Kijana alikuwa anasawazisha uso wa ganda la injini ya msumeno. Chenga zilikuwa zimejikusanya kwenye trei chini ya mashine, kiasi cha viganja viwili. Hapakuwa na mwali mkubwa wala moshi mzito mwanzoni. Palikuwa na doa jeupe pembeni mwa lundo, jeupe kupita taa ya kuchomelea, na doa lile likawa linatambaa. Kilichonishangaza ni utulivu wake: linakula chenga moja, linahamia nyingine, huku juu likiacha jivu jeupe lililovimba. Kabla sijamaliza kuelewa ninachokiona, jirani wa duka la spea alishafika mlangoni na dumu la maji, amelifungua mfuniko.

Mzee mwenye karakana alimzuia kwa mkono. "Ndugu yangu, weka chini hilo dumu. Ukimwaga tunaungua wote." Kisha akamgeukia kijana bila kupandisha sauti: "Dogo, zima mashine, lete debe la kasti. Usiangalie mwanga."

Lile debe lilikuwa na chenga za dramu za breki. Asiyeijua kazi hii nimweleze: dramu na diski za breki ni chuma cha kusubu, tunachokiita kasti, na kasti hukerezwa kavu bila maji wala mafuta. Chenga zake ni nyeusi, nzito, zenye punje kama mchanga mnene. Mzee alizichota kwa beleshi lenye mpini mrefu, akaanza kuzimwaga kwenye ukingo wa lundo, si katikati. Akazisukuma taratibu mpaka zikapanda na kufunika lile doa. Kwa muda mwanga uliendelea kupenya kwenye nyufa, na kila ulipopenya aliongeza. Hakugongagonga, hakukoroga, hakufunua aangalie kama umezimika. Alipomaliza akaweka kiti mbali kidogo, akakaa kuulinda, akatukataza tusiiguse trei ile mpaka kesho yake.

Mzee yule alikuwa sahihi kikemia, na sababu zake zinafaa kujulikana na kila anayeshika beleshi. Magnesiamu inayowaka inafikia joto la kama nyuzi 3,000, na kwenye joto hilo ina uchu wa oksijeni usio na mfano. Ukiipa maji, inayavunja: oksijeni inaichukua yenyewe, haidrojeni inaiachia huru, na haidrojeni ni gesi inayolipuka. Wakati huohuo, maji yaliyojipenyeza chini ya chuma kilichoyeyuka yanageuka mvuke ghafla, na mvuke unahitaji nafasi kama mara 1,700 ya maji yaliyouzaa. Unachorushiwa usoni ni matone ya chuma yanayowaka, na yanaendelea kuwaka juu ya ngozi.

Ule mtungi wa kuzimia moto wenye gesi ya kaboni dioksaidi, unaoaminika sana kwenye vyumba vya umeme, nao haufai. Magnesiamu inaipokonya gesi ile oksijeni yake na kubakiza kaboni nyeusi. Kuna onyesho maarufu la kemia ambapo chenga za magnesiamu zinawashwa ndani ya shimo lililochongwa kwenye bonge la barafu kavu, ambayo ni kaboni dioksaidi iliyoganda, kisha bonge jingine linawekwa juu kama mfuniko. Ungedhani moto utakufa. Bonge zima linang'aa kutokea ndani. Hata naitrojeni, gesi tuliyofundishwa kuwa ni mpole, magnesiamu inaungana nayo.

Mtungi mwekundu wa unga, ambao ndio uliojaa kwenye magari na maduka yetu, unahitaji kusomwa. Soma herufi zilizoandikwa ubavuni. A ni vitu kama mbao, karatasi na nguo. B ni mafuta. C, kwa mpangilio wa Ulaya, ni gesi. Moto wa metali ni D, na D haimo kwenye mitungi ya kawaida. Ukiufyatua mtungi wa A, B na C juu ya chenga zinazowaka, unga wenyewe hauuzimi, na presha yake inazipeperusha chenga na kuzitawanya karakana nzima. Ulikuwa na moto mmoja kwenye trei, sasa unayo kumi kwenye matambara yenye mafuta.

Mchanga ndio unaobishaniwa zaidi, kwa sababu wengi tumeona ndoo nyekundu za mchanga kwenye vituo vya mafuta. Kwa petroli iliyomwagika mchanga ni sawa. Kwa magnesiamu una matatizo mawili. Mchanga ni silika, na silika ina oksijeni ndani yake ambayo magnesiamu yenye joto kali inaweza kuing'oa. Tatizo la pili ni la hapa kwetu: mchanga wa Dar es Salaam ni nadra kuwa mkavu. Unachimbwa mitoni, unamwagwa nje, masika yanaunyeshea, na hata kiangazi hewa ya pwani inaulowesha kwa ndani. Mchanga mbichi ni maji yaliyojificha. Kama huna kingine, mchanga mkavu kabisa unaweza kuuzungushia moto mdogo ili usisambae, lakini usiutegemee kama dawa.

Dawa zenyewe ziko chache na zote zinafanya kazi kwa njia moja: kuufunika moto, kuunyima hewa, na kuunyonya joto. Kwa magnesiamu, sodiamu na potasiamu, mitungi ya daraja D mara nyingi imejaa chumvi, kloridi ya sodiamu ile ile tunayopikia, iliyosagwa laini na kuchanganywa na kiungo cha plastiki ili ikipata joto ishikane na kufanya gamba, kama ukoko unavyoshika chini ya sufuria. Mdomo wa mitungi hiyo ni mrefu na unatoa unga kwa upole, ili usitawanye chenga. Kwa litiamu ya metali chumvi haitakiwi, kwa kuwa litiamu inaweza kuing'oa sodiamu kutoka kwenye chumvi. Hapo hutumika unga wa grafiti au unga wa shaba, na huo wa shaba ulitokana na utafiti wa jeshi la majini la Marekani.

Karakana ndogo isiyo na mtungi wa D inaweza kujiwekea debe la chumvi kavu kwa ajili ya moto wa viganja viwili vitatu. Hapa nazungumzia moto mdogo tu, na nasisitiza neno kavu. Chumvi yetu ya mashambani, inayovunwa pwani, haijawahi kuwa kavu. Ukiiacha wazi usiku mmoja wakati wa masika, asubuhi inalia maji. Sababu ni kwamba ina mabaki ya kloridi ya magnesiamu kutoka baharini, ambayo hunyonya unyevu hewani. Kwa hiyo chumvi ya debe la moto ikaangwe kwanza. Iweke kwenye karai juu ya mkaa, ukae mbali kidogo maana punje zitadata na kuruka, yale ni maji yaliyonaswa ndani yake yakitoka. Igeuze mpaka mlio ukome kabisa. Iache ipoe, ichekeche, iweke kwenye debe lenye mfuniko unaobana, na ufungue mara kwa mara kukagua kama haijashikana mabonge.

Magadi usiyatumie. Nasema hivi kwa sababu kwenye maandiko ya kemia utakuta magadi ya viwandani yaliyokaushwa yakitajwa kwa moto wa sodiamu, na mtu anaweza kukimbilia sokoni kununua magadi ya kupikia maharage. Magadi yetu ya asili yamebeba maji ndani ya fuwele zake. Amira ya unga na soda ya mandazi nazo ziache jikoni, kwani soda ikipata joto inatoa kaboni dioksaidi na maji, vitu viwili ambavyo moto huu unavisubiri.

Na zile chenga za kasti zina sharti lake kali, ambalo naona halitajwi vya kutosha. Zisiwe na kutu. Kutu ni chuma kilichoshikana na oksijeni, na magnesiamu au alumini yenye joto itaipokonya oksijeni hiyo kwa fujo kubwa. Ndiyo kanuni ambayo Hans Goldschmidt wa Ujerumani aliichukulia hataza mwaka 1895, na mpaka leo mafundi wa reli duniani huitumia kuunganisha vipande vya reli: unga wa alumini na oksaidi ya chuma vikiwashwa vinatoa chuma kilichoyeyuka. Kwa hewa hii ya Dar, chenga za dramu zikiachwa sakafuni zinageuka rangi ya tofali ndani ya muda mfupi. Debe la mzee lilikuwa na mfuniko, na alikuwa akibadilisha chenga kila alipokereza dramu mpya. Chenga zenye mafuta nazo zisiingie humo.

Jambo jingine ni sakafu. Zege lina maji ndani yake, na magnesiamu inayowaka ikidondoka juu yake, zege linapasuka na kurusha vipande. Moto ukiwa sakafuni au juu ya benchi la mbao, tandaza kwanza tabaka la chumvi au kasti kavu pembeni, usogeze chenga zinazowaka juu ya tabaka hilo kwa beleshi, kisha uzifunike. Kama huwezi kufika bila kuungua, usifike. Ondoa watu, ondoa mitungi ya gesi na makopo ya rangi, funga barabara ya wenye ndoo, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na katika sentensi yako ya kwanza waambie kinachoungua ni magnesiamu. Wakija na gari la maji wakidhani ni duka la mbao, na wewe hujasema, umewatia hatarini. Moto mkubwa wa metali mara nyingi huachwa uishe wenyewe huku vilivyo jirani vikilindwa. Najua ilivyo vigumu kusimama na kutazama mali ikiteketea mbele ya mtaa mzima unaopiga kelele ufanye kitu. Lakini umbali ule ndio kazi yenyewe.

Anayedhani ni makosa ya mafundi wa mitaani tu asome habari za Le Mans, Ufaransa. Tarehe 11 Juni 1955, kwenye mashindano ya saa 24, gari la Mercedes-Benz 300 SLR lililoendeshwa na Pierre Levegh lilipaa na kuvunjikia kwenye tuta la udongo mbele ya watazamaji. Watazamaji zaidi ya 80 walikufa, wengi kwa kugongwa na vipande vya gari vilivyoruka. Bodi yake ilikuwa ya aloi ya magnesiamu. Waokoaji waliimwagia maji na moto ukazidi kuwa mkali, ukaendelea kwa saa kadhaa. Wale walikuwa watu wenye vifaa, katika nchi ya viwanda.

Sasa niseme kuhusu betri, kwa kuwa kuna mkanganyiko unaoweza kuua. Bodaboda na bajaji za umeme zinaongezeka jijini, na simu na pauabenki ziko kila mfuko. Mtu akisikia "litiamu" anakumbuka kwamba litiamu haipatani na maji, na anaamua betri ikiwaka asiimwagie. Betri ya kuchajiwa ya litiamu haiwaki kama chenga za metali. Kinachowaka humo zaidi ni kimiminika chake cha ndani na gesi zinazotoka seli moja baada ya nyingine kwa joto. Dawa yake ni kupoozwa, na kinachopooza vizuri kuliko vyote ni maji, mengi, kwa muda mrefu, ukiwa umesimama mbali na moshi wake wenye sumu. Hata ukizimika inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi, kwa hiyo itolewe nje na isirudishwe chumbani. Moto wa chenga funika kavu, moto wa betri ya bodaboda pooza kwa maji. Hivyo viwili visichanganywe.

Turudi kwenye trei, maana kazi haiishi moto unapozimika. Kesho yake, chini ya gamba, kunaweza kuwa na magnesiamu ambayo haikuungua, na kwenye jivu kuna nitridi ya magnesiamu iliyozaliwa pale metali ilipoungana na naitrojeni ya hewani. Jivu hilo likipata unyevu linatoa amonia, ile harufu kali ya chooni inayochoma pua. Vaa glavu kavu, funua kidogo kidogo kwa beleshi, na weka mabaki kwenye ndoo ya chuma iliyo kavu, mfuniko ukiwa umekaa juu bila kubanwa. Yasiende kwenye gari la taka, maana taka za mji huu zimelowa maganda na maji ya samaki. Na mnunuzi wa skrepa akija kuchukua chenga ulizozitenga, mwambie ni magnesiamu kabla hajazipima kwenye mzani, halafu mwambie kijana wake anayesukuma mkokoteni pia, maana ndiye atakayekuwa nazo barabarani mvua ikianza.